Saizi ya Kocha Mkuu

Shemeji yangu alimfukuza dada yangu nyumbani kwa sababu ya mwanaume fulani, kisha akanituma mimi nimtafute mwanaume huyo. Mwanaume huyo ni mimi.

Aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike, hajapitwa na mengi. Mimi nilikuwa mtunza vifaa wa timu ya taifa. Miaka kumi na tisa nafua jezi, nahesabu mipira, napanga viatu. Wachezaji waliniita Mzee wa Soksi. Tulifungwa manne uwanja wa nyumbani, kocha wetu akafukuzwa kwa simu akiwa bado ana sabuni masikioni, na kamati ya watu saba ikajifungia kumtafuta mrithi wake. Majina yakabaki mawili.

La kwanza lilikuwa la kocha msaidizi, tuliyemwita Kimya. Mtu mfupi, mwembamba, hapandishi sauti hata akikanyagwa kidole. Huyo ndiye mume wa dada yangu mdogo.

La pili lilikuwa la mgeni kutoka nje. Huyo tulimwita Mlingoti, maana akifika mlangoni alianza kuinama ndipo akasalimia.

Kura ilipigwa Jumatatu asubuhi. Jina lilitakiwa kutangazwa Alhamisi mbele ya kamera. Katikati hapo hakuna kunong'ona. Hata aliyechaguliwa mwenyewe hakutakiwa kuambiwa mpaka Jumatano jioni, Mwenyekiti atakapomwita. Waliweka sheria hiyo kwa sababu mara ya mwisho jina lilivuja, simu zikapigwa kutoka huko juu, na kura ikarudiwa mpaka ikatoa jina lililotakiwa.

Mimi pia nilikuwa na sheria yangu. Kocha mpya hutangazwa amevaa traksuti ya timu, na traksuti haishuki kutoka mbinguni. Kwa hiyo niliagiza mbili, moja ya kila mgombea, ili hata mimi nisijue ni ipi itakayovaliwa.

Safari hiyo Katibu wa kamati alikuja na lake.

Aliingia stoo Jumatatu saa nane mchana, akausukuma mlango kwa kisigino.

"Mzee wa Soksi."

"Katibu."

"Agiza traksuti ya kocha mkuu. Ifike Jumatano asubuhi."

"Mbili kama kawaida?"

"Moja. Ya pili huwa tunamvisha nani? Panya?"

Akanipa karatasi iliyokunjwa ndogo kama pakiti ya dawa. Nikaikunjua. Ndani kulikuwa na herufi mbili tu: XL.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi hujaona." Akatabasamu. "Mbona umenuna? Nilidhani utafurahi."

Tabasamu lile lilinichoma. Miaka mingi nyuma Katibu aliwahi kuleta posa kwetu. Baba alikuwa ameshafariki, hivyo posa niliipokea mimi, na mimi ndiye niliyeirudisha. Mdogo wangu alikuwa ameshampenda Kimya. Katibu hakuwahi kulitaja jambo lile hata siku moja, na mtu asiyelitaja jambo namna hiyo unajua analo.

Kimya nilimpimia nguo miaka sita. Kimya ni M. Mvalishe XL uone, utamtafuta ndani ya nguo kwa tochi. XL ni Mlingoti. Siku ya usaili wake mvua ilimnyeshea, nikamwazima koti la XL, likamkaa sawasawa.

Kwa hiyo wamempa Mlingoti. Na Katibu amekuja mwenyewe kuniletea habari, anione nitakavyoipokea.

Nikapiga simu kwa muuzaji wetu wa jezi, nikaagiza. Nikafunga stoo. Kama ningekwenda nyumbani kwangu moja kwa moja, leo nisingekuwa na la kuandika.

Nilikwenda kwa mdogo wangu.

Nilimkuta anapiga pasi shati jeupe la mumewe. Watoto walikuwa hawajarudi shule, na Kimya alikuwa mazoezini.

"Hilo ni la Jumatano," akaniambia. "Wakimwita, avae hili. Kaka, mtu yule hali. Usiku anahesabu dari. Jana ameniambia wakimnyima safari hii hajui uso wake ataupeleka wapi."

"Mwambie asijitese."

"Nimemwambia. Hasikii."

"Mwambie asijitese, ameshakosa."

Akaacha kupiga pasi. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Na wewe umeambiwa na nani?"

"Sikuambiwa. Nimeona kwa macho yangu. Ni Mlingoti. Mwambie wewe, taratibu, asije akasikia mbele za watu. Lakini usinitaje."

"Ataniuliza."

"Akuulize. Ukinitaja nimekwisha. Mimi sina cheti, sina shule, nina soksi. Nani ataniajiri na umri huu?"

"Haya, sitakutaja."

"Apa."

"Kaka, sisi watoto?"

"Apa kwa marehemu mama."

Akainua mkono wa kulia. Kisha akaapa, maneno yote, bila kuruka hata moja. Alipomaliza tukasikia harufu. Pasi ilikuwa imeunguza kola.

Jumanne mchana nilikuwa chumba cha kufulia na vijana wangu wawili. Redio ilikuwa juu ya mashine, kipindi cha michezo. Mtangazaji akampigia Kimya simu, kama alivyozoea kila wiki.

"Kocha, presha vipi kuelekea Alhamisi?"

Siku zote Kimya hujibu, "Tumwachie Mungu," na mtangazaji huhamia kwenye matangazo.

"Presha sina," akasema. "Wenyewe walishachagua. Naomba dakika chache na mimi niseme."

Alichukua dakika ishirini na mbili.

Sijawahi kumsikia mtu akizungumza vile. Hakupiga kelele. Alikuwa kama anasoma orodha ya vitu vya dukani.

"Timu hii haipangwi na kocha. Inapangwa kwa simu. Kocha anapewa majina asubuhi ya mechi, kazi yake ni kuyasoma kwa sauti."

"Kocha, hilo ni zito."

"Zito ni beki wa kushoto. Ni mpwa wa Mwenyekiti, na kushoto kwenyewe anakujua kwa kuonyeshwa."

Vijana wangu wakapiga makofi mpaka povu likaruka.

"Wajumbe watatu kati ya wale saba," Kimya akaendelea, "hawajui kama mpira ndani una hewa. Hao ndio waliokaa kunipima mimi."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka na vijana, nikajipiga paja. Nilijiambia mtu aliyekwisha kukosa hana tena cha kukosa, mwache ateme nyongo.

Mashine ilimaliza kuzunguka zamani. Hakuna aliyekumbuka kutoa jezi.

Jumatano saa tatu asubuhi boksi likafika.

Nikalipasua kwa wembe. Traksuti ilikuwa juu, ndani ya mfuko, na lebo yake XL. Nikaitoa, nikaikung'uta, nikainyoosha mbele yangu.

Ilikuwa ndogo.

Nikaiweka kifuani. Mimi na Kimya tunavaa saizi moja, tumeshaazimana mashati hata hatukumbuki la nani ni lipi. Nikaivaa, nikavuta zipu mpaka shingoni. Ilinikaa kana kwamba fundi alinipima usingizini.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Wiki tatu kabla ya hapo tulibadilisha muuzaji wa jezi. Sampuli zao zilipokuja, golikipa wetu alivaa moja akakwama mikono juu, ikabidi tumtoe kwa mkasi. Timu nzima ilicheka siku hiyo. Na ni mimi, kwa mdomo wangu, niliyemwambia Katibu: "Hawa jamaa nguo zao ni za wanasesere. Kila mtu aongezewe saizi mbili. Wa M mwandikie XL." Akaandika kwenye kijitabu chake.

Katibu alifuata maelekezo yangu. Aliyeyasahau ni mimi niliyeyatoa. Miaka kumi na tisa nimeisoma M kuwa M, na wiki tatu hazikutosha kunibadilisha macho. Tena nilikuwa na hofu tangu mwanzo, na mwenye hofu husoma anachokiogopa.

Mlango ukasukumwa kwa kisigino.

Katibu akanikuta katikati ya stoo nimevaa traksuti ya kocha mkuu.

"Vua," akasema.

Nikavua.

"Ilikuwa yake?" nikauliza.

"Ya nani mwingine? Kura tano kwa mbili. Wajumbe wawili wa mwisho niliwabembeleza mimi, nyumba kwa nyumba, kama nachumbia." Akachukua traksuti, akaikunja vizuri, mkono juu ya mkono. "Nilikuletea saizi moja ili ufurahi kabla ya wengine. Nilijua ni shemeji yako. Nikasema, mzee wa watu kafua jasho la wengine miaka yote hii, acha na yeye alale na furaha siku mbili."



"Mwenyekiti alimpigia Kimya jana jioni, baada ya yale ya redioni. Unajua alimwambia nini? 'Ulikuwa umeshinda, nilitaka ulisikie kwangu mwenyewe.' Akakata simu. Leo saa mbili kamati imekaa upya. Mlingoti, kura saba."

"Katibu, mimi..."

"Nyamaza nikwambie. Wanataka kujua nani alimdanganya kwamba amekosa. Mimi sikuruhusiwa kukupa saizi moja. Wewe hukuruhusiwa kufungua mdomo. Kwa hiyo sikukupa, na wewe hukuona. Tumeelewana?"

"Na wakiuliza?"

"Wameshauliza. Kumbukumbu za kikao alizichapa karani wangu. Amesimamishwa saa moja iliyopita."

Karani yule alikuwa mama mmoja mpole aliyefanya kazi miaka kumi na minne pale ofisini. Kila nilipokwenda kuomba karatasi za orodha alinipa na kalamu juu.

"Hajafanya kitu yule," nikasema.

"Najua. Ofisi ya Mwenyekiti iko wazi. Nenda kamwambie nani amefanya."

Akanisubiri. Alinisubiri kweli, ameegemea rafu ya viatu. Nilihesabu jozi zote za rafu ya kwanza.

Sikwenda.

"Basi," akasema. "Agiza traksuti ya Mlingoti."

"Saizi yake hawa jamaa hawashoni."

"Basi atavaa hiyo hiyo."

Alhamisi nchi nzima iliona. Kocha mpya amesimama mbele ya kamera, mikono ya traksuti imeishia chini kidogo ya viwiko, zipu imegoma tumboni. Watu walicheka vibarazani, wakasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hawakujua iliazimwa kwa nani.

Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, mdogo wangu alifika kwangu na begi moja.

"Amenitoa," akasema, akapita ndani. Hakulia wala hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Nilimtandikia chumba cha nyuma.

Ijumaa saa nne asubuhi Kimya akabisha hodi.

"Karibu, shemeji."

"Asante, shemeji." Alikuwa amekonda kwa siku tatu kama mtu aliyetoka hospitali. "Yupo?"

"Yupo ndani. Nimwite?"

"Sikumjia yeye. Nimekujia wewe."

Nikamvutia kiti. Akakaa ukingoni.

"Shemeji, aliyemwambia mke wangu habari ile hakukosea. Hakuna mtu anayekosea namna ile. Alidanganya. Alijua nimeshinda, akamwambia nimekosa, ili nijichome moto kwa kibiriti changu mwenyewe."

"Pengine alisikia vibaya."

"Wapi? Walioijua kura wanahesabika kwa vidole. Sasa nipigie hesabu hiyo. Ni nani anayeingia ofisi ile, anaijua kura, ana kinyongo na mimi, na mke wangu akiambiwa neno na yeye analibeba bila kuuliza?"

"Sijui."

"Unamjua. Aliwahi kuja kwenu na posa."

Nitasema ukweli, kwa sababu nilianza kuandika habari hizi ili niseme ukweli. Nilipomsikia anamtaja Katibu, nilipumua. Kifua kilifunguka kama cha mtu aliyeona basi limempita pembeni.

"Katibu?" nikasema. "Na dada yangu?"

"Nimemuuliza tangu Jumanne. Ananiambia ameapa. Mke wa mtu, shemeji! Ameapa kwa nani, kwa lipi? Nikimwambia 'ni Katibu?' anasema hapana. Nikimwambia 'ni nani basi?' anatazama chini. Mwanamke asiye na kitu hatazami chini." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelala nacho."

"Usiseme hivyo. Dada yangu namjua."

"Na mimi nilidhani namjua. Sikiliza. Jumapili saa nne tunakaa, ndugu zangu na ndugu zake. Baba yenu hayupo, kiti cha upande wenu ni chako. Nitamuuliza swali moja tu mbele yenu wote. Akitaja jina, tutajua la kufanya. Asipotaja, ninamwacha siku hiyo hiyo, na watoto wanabaki kwangu. Wewe utakuwa shahidi kwamba nilimpa nafasi."

"Shemeji, Jumapili ni keshokutwa."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Una siku mbili. Kaa naye, mbembeleze, mtishe, fanya unavyojua. Wewe ni kaka yake, kama kuna mtu atakayemwambia ni wewe." Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Katika watu wote wa pale kazini, ni wewe tu niliyebaki namwamini."

"Nitajaribu," nikasema.

Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nilirudi nikijiambia nitapata la kusema, siku mbili si haba, ulimi hauna mfupa.

Mdogo wangu alikuwa amesimama sebuleni, bega kwenye ukuta.

"Nimesikia yote," akasema.

"Kaa, tuzungumze."

"Sikai. Kaka, jana alipokuwa anatoa nguo zangu kabatini, mtoto wa mwisho alikuwa anazirudisha. Moja moja. Anatoa, mtoto anarudisha. Na mimi nimesimama pale na jina lako mdomoni."

"Mdogo wangu..."

"Sikulisema. Nimeapa kwa mama, na mama hayupo wa kunifungua. Wa kunifungua ni wewe peke yako. Ukiniambia nitaje, Jumapili nitataja, nitarudi kwangu, na Kimya atajua kwamba ulikuwa ujinga wala haukuwa ubaya. Nakuuliza mara moja tu. Nikutaje, au nisikutaje?"

Ilikuwa imebaki miaka mitano nistaafu. Nikaiwaza miaka hiyo mitano. Nikamwaza Mwenyekiti na zile dakika ishirini na mbili za redio, na nani angelipishwa kwa maneno yale. Nikawaza kwamba Kimya ni mpole, huenda ifikapo Jumapili hasira itakuwa imeshuka. Mtu akitaka kukwepa huwa hakosi sababu.

"Tungoje kwanza tuone Jumapili," nikasema.

"Jumapili ndiyo siku yenyewe, kaka."

"Basi usinitaje."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayepewa bei aliyoitarajia.

"Sawa," akasema. Akaingia chumba cha nyuma na kuufunga mlango bila kelele.

Ilikuwa saa tano kasoro robo, siku ya Ijumaa. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeshachukua kazi ya ukocha mkuu kutoka kwa mtu aliyeitafuta miaka sita, akawa nayo siku moja bila kujua. Nilikuwa nimechukua kazi ya miaka kumi na minne ya mama mmoja ambaye hakuwahi kuninyima hata kalamu. Nyumba ya watoto watatu ilikuwa imebakiza siku mbili. Na mdogo wangu, ambaye tangu ajue kusema aliniita kaka, alipotoka baadaye, saa saba mchana, kunywa maji alinipita mlangoni bila kuniita chochote.

Mimi sikuwa nimepoteza kitu. Jumatatu nilitakiwa kazini saa mbili, kama kawaida.